Mtoto anarahisisha sehemu anaishia njiani, atajuaje amefika mwisho?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Igoma, hapahapa Mwanza. Nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko la sita. Kwenye kurahisisha sehemu anapata maksi nusu nusu. 84/126 kaandika 42/63, mwalimu wake kamwandikia endelea. 91/119 kaiacha vilevile, anasema haigawanyiki, kumbe kakosa. Na mimi nimeitazama hiyo 91 nikaona kweli haigawanyiki na kitu. Niliishia la saba, nauza dagaa Mwaloni, jioni ndo napata muda wa kumkagua madaftari. Nikimuuliza umemaliza ananiambia nimemaliza. Sasa mtoto atajuaje kwamba hapa kweli nimefika mwisho?"

Marahaba dada yangu, na mwangaluka. Umeuliza swali zuri sana maana hukuuliza sehemu inarahisishwaje, umeuliza mtu anajuaje amefika mwisho, na hapo ndo watoto wengi wanapopotelea, wa la tano, wa la saba, mpaka wa fomu wani nakutana nao. Kugawanya juu na chini kwa 2 kila mtoto anaweza. Shida inakuja pale ambapo 2 imegoma na 5 imegoma, mtoto anaitazama sehemu, haoni kinachoingia, anapiga mstari chini ya jibu na kufunga daftari. Macho hayatoshi kwenye kazi hii. 91 imekaa kama namba tasa kabisa, na 119 hivyohivyo, watu wazima wengi tu wanazipita.

Nikupe jibu kwanza halafu maelezo baadae. Mwambie achukue namba kubwa atoe ile ndogo. 119 toa 91 inabaki 28. Namba yoyote inayogawanya ya juu na ya chini kwa pamoja bila kubakiza, lazima igawanye na hiyo 28. Lazima. Kwahiyo hana haja ya kujaribu 3, wala 5, wala 11, wala 13, zote hizo zimejiondoa zenyewe kwasababu haziingii kwenye 28. 28 ni 2 × 2 × 7, kwahiyo za kujaribu zimebaki 2 na 7 tu. 2 haiwezekani, 91 ni witiri. Ajaribu 7: 91 gawanya kwa 7 ni 13, 119 gawanya kwa 7 ni 17. Jibu ni 13/17. Anataka kuhakikisha amefika mwisho? Arudie kitendo kilekile, 17 toa 13 inabaki 4, na 4 imejengwa na 2 tupu, 13 na 17 zote ni witiri, basi hakuna kilichobaki cha kugawanya. Amemaliza, na safari hii anajua kwamba amemaliza, hategemei macho.

Ukimpa hivyo hivyo kama kidonge atameza na wiki ijayo amesahau, ndo maana naomba uvumilie nieleze kwanini inakubali, na nitatumia vitu unavyovishika kila siku hapo Mwaloni.

Chukua ndoo ya lita 20 na sado ya lita 4, sado iliyosawazishwa mdomoni, haina kichwa. Ndoo inabeba sado 5 kamili. Tuseme kwenye hiyo ndoo kuna dagaa lita 12. Ukihesabu kwa lita, ndoo imejaa 12/20. Ukihesabu kwa sado, kuna sado 3 kwenye ndoo ya sado 5, yaani 3/5. Dagaa ni walewale, hajapungua hata mmoja, ulichobadilisha ni kipimo tu, umeacha kuhesabu lita moja moja umehesabu nne nne. Kurahisisha sehemu ni hicho na hakuna kingine: unatafuta kipimo kikubwa kuliko vyote kinachoweza kupima ya juu na ya chini bila kubakiza. Kwenye daftari la mwanao kipimo hicho kinaitwa KKS, kigawo kikubwa cha shirika. Ungetumia kopo la lita 2 badala ya sado ungepata 6/10, nayo ni kweli, hujadanganya mtu, ila ulikuwepo uwezekano wa kutumia kipimo kikubwa zaidi. Mwanao kwenye 84/126 ndo alichofanya, kapima kwa kopo la 2 akapata 42/63 wakati kulikuwa na sado ya 42 inasubiri.

Hiyo 42 imetoka wapi? 126 toa 84. Tazama, 42 yenyewe inaingia kwenye 84 mara 2, inaingia kwenye 126 mara 3, jibu 2/3 kwa hatua moja. Mara nyingi kwenye maswali ya shule ile tofauti yenyewe inakuwa ndo KKS, kwahiyo kitu cha kwanza kabisa kujaribu ni tofauti nzima, ikikataa ndo anaanza kuivunjavunja.

Sasa kwanini tofauti haidanganyi. Kama sado inapima mzigo mkubwa bila kubakiza, na ikapima mzigo mdogo bila kubakiza, basi ukitoa mdogo kwenye mkubwa kinachobaki nacho ni sado kamili kamili, haiwezi kutokea nusu sado katikati. 119 ni saba kumi na saba. 91 ni saba kumi na tatu. Toa saba kumi na tatu kwenye saba kumi na saba, zinabaki saba nne, ndo hiyo 28. Mwambie mwanao akuelezee wewe hii habari kwa mdomo wake, akiweza kukueleza jua imekaa.

Njia yenyewe si ya jana. Euclid, mwanahesabu aliyekuwa Alexandria kule Misri kwenye miaka ya 300 hivi kabla ya Kristo, ameiweka mwanzoni kabisa mwa kitabu chake cha 7, na yeye anaongea lugha ya kupima kama tulivyoongea hapa, namba ndogo inaipima kubwa, mpaka kipatikane kipimo kikubwa cha shirika. Wachina nao wana kitabu chao cha kale cha hesabu chenye sura tisa, kina miaka kama 2000, na kanuni ya kurahisisha sehemu iko kwenye sura ya kwanza: kama zote mbili zinakatika nusu zikate nusu, kama hazikatiki toa ndogo kwenye kubwa, endelea kutoa kwa kupokezana mpaka zilingane, namba ziliyolingana nayo ndo ya kugawanyia. Mifano miwili waliyoweka hapo ni 12/18 na 49/91. Umeiona 91? Ni ileile iliyokusumbua wewe na mwanao, ilikuwa inafundishiwa watu miaka 2000 iliyopita. Fanya: 91 toa 49 ni 42, 49 toa 42 ni 7, na 7 inaingia kwenye 42 bila shida. Gawanya kwa 7 unapata 7/13.

Hilo la kupokezana linahitajika pale tofauti inapokuwa namba ngumu nayo, hujui pa kuivunjia. Chukua 221/299, hii ukimpa mtoto wa la saba anakaa nayo dakika kumi anajaribu kila kitu. Mwambie aandike pembeni ya daftari hivi:

299 − 221 = 78
221 − 78 = 143
143 − 78 = 65
78 − 65 = 13
65 − 13 = 52, kisha 39, kisha 26, kisha 13

Zimelingana, 13 na 13. Basi 13 ndo KKS, 221 gawanya kwa 13 ni 17, 299 gawanya kwa 13 ni 23, jibu 17/23. Hapo hakukuwa na kubahatisha hata sehemu moja, mtoto ametoa tu, na kutoa anajua tangu la pili. Mkubwa kidogo anaweza kugawanya na kuchukua baki badala ya kutoa mara nyingi, ni kitu kilekile kwa mwendo wa haraka, 221 gawanya kwa 78 baki 65, ameruka mistari.

Na ikiwa anatoa anatoa mpaka anafika kwenye 1? Hapo ndo penye jibu la swali lako moja kwa moja. Akifika 1 maana yake hakuna kipimo cha shirika zaidi ya 1, sehemu ilikuwa imeshafika mwisho tangu alipoikuta, aiandike ilivyo. Jaribu 34/55: 21, 13, 8, 5, 3, 2, 1. Imetembea mbali ila imefika 1. Iache 34/55.

Kuna njia za mkato mbili zinazotoka humohumo nazipenda sana. Ya kwanza, namba zikifuatana, yani tofauti ni 1, sehemu haiwezi kurahisishwa kamwe: 8/9, 35/36, 99/100, asihangaike nazo. Ya pili, tofauti ikiwa namba tasa kuna kitu kimoja tu cha kujaribu. 64/81 tofauti ni 17, je 17 inaingia kwenye 64? Haiingii, 17 mara 3 ni 51 na mara 4 ni 68, basi imeisha, 64/81 ni jibu. Lakini 51/68 tofauti ni hiyohiyo 17, na 17 inaingia kwenye 51 mara 3 na kwenye 68 mara 4, jibu 3/4. Mtoto asiyejua hii akikutana na 51 anajaribu 3, inakubali kwenye 51, inagoma kwenye 68, anakata tamaa.

Namba ya juu ikiwa ndogo sana kuliko ya chini, mfano 17/68, aanze kwa kuuliza je ya juu yenyewe inaingia kwenye ya chini? 17 inaingia mara 4, jibu 1/4, hakuna haja ya kutoa chochote.

Zile kanuni za kawaida za kugawanyika asiziache, zinaokoa muda mwanzoni. Zote shufwa, gawanya kwa 2. Zote zinaishia na 0 au 5, gawanya kwa 5. Zote zinaishia na sifuri, ondoa sifuri moja juu na moja chini. Ya 3 ndo inasahaulika: jumlisha tarakimu, jumla ikigawanyika kwa 3 basi namba yote inagawanyika. 84, 8 na 4 ni 12, inagawanyika. Na hii ina sababu, kila kumi ukiigawa kwa 3 inabakiza 1, kwahiyo makumi nane yanabakiza 8, ongeza ile 4 ya mamoja unapata 12, ndo maana tunajumlisha tarakimu. Kwa 9 ni hivyohivyo. Kwa 7 kuna kanuni zinazunguka mitandaoni, mara zidisha tarakimu ya mwisho mara mbili utoe, mi siwapi watoto, zinawachanganya na wakishajua tofauti hawazihitaji.

Sasa makosa, na hapa dada ukae macho ukikagua daftari maana mengine yanatoa jibu linalofanana na zuri.

La kwanza linatokana na hii hii njia niliyokupa, mtoto akishaifurahia anaanza kuandika tofauti kama jibu. Anatoa 119 na 91, anapata 28, anaandika 28/119. Hapana. Tofauti inatusaidia kumtafuta mgawanyaji, ikishampata kazi yake imeisha. Kutoa kunafanyika pembeni, kwenye sehemu yenyewe kunafanyika kugawanya tu. Vilevile asitoe namba moja juu na chini akidhani inabaki sawa, 5/7 ukitoa 2 juu na 2 chini unapata 3/5 na hizo si sawa hata kidogo.

La pili ni neno "kata". Walimu tunasema kata hii na hii, mtoto anasikia futa. Anaona 13/39, kuna 3 juu na 3 chini, anazifuta anaandika 1/9. Jibu sahihi ni 1/3. Anaona 12/24, anafuta 2 na 2, anaandika 1/4, wakati ni nusu. Kinachosumbua zaidi ni kwamba kuna sehemu chache ambazo kufuta namna hiyo kunatoa jibu sahihi kwa bahati: 16/64 ukifuta 6 inabaki 1/4 na kweli ni 1/4. Kwa sehemu zilizo chini ya moja nzima zenye tarakimu mbili juu na mbili chini, ukiacha zenye sifuri, ziko nne tu duniani zenye bahati hiyo, 16/64, 19/95, 26/65 na 49/98. Mtoto akikutana na mojawapo akapata vema, anaamini njia ni sahihi na kuja kumtoa hapo inachukua muda. Kwahiyo nyumbani msitumie neno kata, tumieni gawanya, na kila anapogawanya aseme kwa sauti anagawanya kwa ngapi. Akisema "nagawanya kwa tatu" mkono hauwezi kufuta tarakimu ya tatu.

La tatu, anagawanya juu anasahau chini, hili ni la haraka tu, atalirekebisha mwenyewe akitulia.

La nne litakuja mbele lakini lianze kuzuiwa sasa. Kama juu kuna kujumlisha, mfano 3 + 4 juu na 3 + 8 chini, asiguse zile 3. Juu ni 7, chini ni 11, jibu 7/11 na imeshafika mwisho. Akifuta 3 anapata 4/8, nusu, uongo mtupu. Watoto wanafika sekondari wakiwa na x badala ya 3 na wanafuta vilevile, na huko maksi zinaondoka nyingi sana kwa kosa hili moja. Kwenye kuzidisha ni tofauti, huko ruksa na tena ni vizuri kurahisisha kabla ya kuzidisha: 14/15 × 25/28, 14 na 28 zinagawanyika kwa 14 zinabaki 1 na 2, 25 na 15 zinagawanyika kwa 5 zinabaki 5 na 3, jibu 5/6. Akizidisha kwanza anapata 350/420 na anaanza safari upya. Juu na chini ya zilizozidishwa ruhusa, zilizojumlishwa marufuku.

Umenidokeza habari ya maksi nusu nusu. Mi naona mwalimu wake kamtendea haki. 42/63 si uongo, ni kiasi kilekile cha 84/126, ndo maana akaandika endelea badala ya kuweka mkasi. Lakini swali lilisema rahisisha, na sehemu ina umbo moja tu la mwisho, haina mawili. Tuchukue watoto wawili, mmoja kwenye hesabu yake kapata 91/119, mwingine kwa njia nyingine kabisa kapata 143/187. Ukizitazama hazifanani kwa lolote. 187 toa 143 ni 44, jaribu 11, inakubali, 13/17. Ni sehemu ileile! Bila kufika mwisho wale watoto wangebishana mpaka jioni na wote wako sahihi. Faida nyingine ni kwenye desimali, sehemu ikiwa imefika mwisho ndo unaweza kujua kama desimali yake itakoma. 6/15 ukiiangalia ina 15 chini, 15 ina 3 ndani, ungedhani haitakoma, ila ikirahisishwa ni 2/5, yaani 0.4. Chini ikibaki na 2 na 5 tupu inakoma, ikibaki na kingine chochote haikomi.

Hata hivyo kuna wakati wa kutokurahisisha na hili walimu hatulisemi vya kutosha. Ziwa letu Victoria, kwa hesabu inayotumika sana, asilimia 51 ziko Tanzania, 43 Uganda na 6 Kenya. 51/100 haiendi popote, 51 ni 3 × 17 na 100 ni 2 na 5 tupu. 43 ni namba tasa. 6/100 inakuwa 3/50. Sasa ukiambiwa ujumlishe au ulinganishe, ukigeuza ya Kenya kuwa 3/50 umejiongezea kazi, ziache zote juu ya 100, jumla inaonekana bila hata kalamu. Au mwanao kapata 36/40 jaribio la kwanza na 34/40 la pili, ukilinganisha acha hivyohivyo, 9/10 na 17/20 zinaficha kitu kilichokuwa wazi. Kurahisisha ni kwa jibu la mwisho, au pale namba zinapokuwa kubwa mpaka zinasumbua mkono.

Na asilazimishe. Madaftari ya watoto yamejaa sehemu zinazorahisishika kwasababu sisi tunaotunga maswali tunazipika zirahisishike, kwahiyo mtoto anazoea kwamba kila sehemu ina kitu cha kukatwa, akipewa 35/36 anaanza kubuni. Ukweli ni kwamba ukiokota namba mbili zozote bila kuchagua, karibu mara 61 kati ya 100 utakuta hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1, yaani sehemu imeshafika mwisho tangu mwanzo. Jibu la "hairahisishiki" ni jibu kamili, ila alithibitishe kwa kutoa, asiseme tu. Hapo ndo tofauti ya mtoto aliyemaliza na mtoto aliyechoka.

Sehemu ikiwa juu kubwa kuliko chini, kama 119/91, njia ni ileile, 17/13, halafu akitaka aitoe nzima yake, 1 na 4/13.

Kwa namna ya kukaa nae jioni, ningefanya hivi. Usimuulize tena "umemaliza?" maana hilo swali jibu lake ni ndiyo siku zote. Muulize "tofauti ni ngapi, na umejaribu nini?" Akikwambia tofauti ni 38, nimejaribu 2 imegoma, nimejaribu 19 imekubali, huna haja ya kujua hesabu yenyewe, unasikia tu kama maelezo yamekamilika. Mtoto ambaye hajafanya hawezi kukutajia, na wewe ulishika vizuri hesabu za kutoa, unaweza kumfuata hatua kwa hatua bila kalkuleta ya simu.

Mpe hizi, moja moja kila siku, asifanye zote siku moja: 57/95, 87/116, 64/81, 133/171, 98/99, 85/136. Majibu nakuwekea ukague: ya kwanza tofauti ni 38, inakubali 19, jibu 3/5. Ya pili tofauti 29 ambayo ni tasa na inaingia zote, jibu 3/4. Ya tatu tumeshaiona, haiendi popote. Ya nne tofauti ni 38 tena, inakubali 19 tena, jibu 7/9. Ya tano zinafuatana, haiguswi. Ya sita tofauti ni 51, mtoto atajaribu 3 itagoma kwenye 85, halafu kwenye 51 kuna 17, na 17 inaingia kwenye 85 mara 5 na kwenye 136 mara 8, jibu 5/8. Hiyo ya sita akiipata mwenyewe bila kusukumwa, mrudishe kwenye 91/119 aifanye upya kwenye daftari la shule ampelekee mwalimu wake.